Majina ya watu wa sokoni: shajara ya kijitabu chetu, Dodoma

Tunaandaa kijitabu cha maneno yanayowataja watu wanaonunua na kuuza bidhaa, kama yanavyosemwa Dodoma mjini na wilaya za jirani. Tuko watatu: mimi, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, na katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi na alizeti upande wa Kongwa. Tunawaandikia wanafunzi wa sekondari, ambao kwenye insha zao kila anayeuza kitu ni "mfanyabiashara", na wakulima, ambao kila msimu hutia saini karatasi zenye vyeo vya watu bila kuelezwa kila cheo kinabeba dhamana gani. Shajara naiongeza kila hatua inapokamilika, ili mwenye nia ya kufanya kazi kama hii Singida, Tabora au Iringa aone tulipokwama na fedha zilikokwenda.

Februari 3, 2024. Orodha ya mezani

Tumeanza na maneno tunayoyajua na yale ya kwenye kamusi. Mfanyabiashara, muuzaji, mnunuzi, mteja, mchuuzi, mchuruzi, machinga, dalali, wakala, mlanguzi, tajiri, bazazi, mshitiri, mama lishe, muuza genge, mwenye duka, mangi, winga, mjasiriamali. Kila neno tumelipa ukurasa wake kwenye daftari.

Gharama: daftari mbili kubwa na kalamu, shilingi 9,000.

Februari 10. Soko la Majengo: fomu hazikufaa

Tulichapa fomu yenye maswali manne: kazi yako inaitwaje, wenzako wanakuitaje, wateja wanakuitaje, na jina gani hulipendi. Tukaingia nazo Majengo asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla wauzaji hawajachoka.

Karibu kila aliyeulizwa alijibu "mjasiriamali". Muuza nyanya mjasiriamali, muuza vyombo vya plastiki mjasiriamali, kijana mwenye soksi begani mjasiriamali. Wengine walipoona karatasi na kalamu waliuliza kwanza kama tumetoka halmashauri.

Jibu lile halikuwa la uongo, ila ni jibu linalopewa serikali. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Aliyekuwa nacho hakupaswa kusumbuliwa. Watu wakajifunza kwamba mbele ya mtu mwenye karatasi, neno linalokulinda ni mjasiriamali. Ni neno zuri, limeungwa kwa jasiri na mali, na halina harufu ya kufukuzwa barabarani. Lakini wauzaji wenyewe kwa wenyewe hatukuwasikia wakiitana hivyo.

Fomu tumeziweka kando. Njia iliyofaa ni hii: unanunua kitu, unakaa, kisha unauliza habari za mzigo. Huu mzigo umeletwa na nani? Hapo katikati umepita kwa nani? Ukibaki jioni anauchukua nani? Mtu akisimulia safari ya mzigo, majina yanatoka yenyewe. Ndani ya mazungumzo mafupi na muuza vitunguu tulipata dalali, mtu wa Fuso, kuli, "wale wa jumla" na "hawa wa mafungu". Hakuna hata mmoja aliyekuwa mjasiriamali.

Chakula cha mchana kilitupa neno ambalo mezani tulidhani halina la kuuliza. Mama aliyetupakulia ugali alisikia tukimwita mama ntilie, akatusahihisha kwa upole: "Mwalimu, mimi mama lishe. Ntilie mnasema nyie." Na kweli, ukilisikiliza neno hilo unasikia sauti ya mwenye njaa anayenyoosha sahani: nitilie. Lishe ni upande wa anayepika. Kazi ni moja, sufuria ni lile lile, majina mawili yanatoka pande mbili za meza. Jioni tuliongeza daftarini safu mpya: nani anasema.

Gharama: kuchapa fomu, ambazo hazikuzaa kitu, 12,000; chakula na bidhaa tulizonunua ili tuweze kukaa, 18,500. Mwenye kutaka kuiga kazi hii asianze na fomu.

Februari 24. Mnada wa Msalato

Jumamosi ni siku ya Msalato, na nusu ya mji huenda kwa ajili ya nyama choma. Sisi tulikwenda kwa wachuuzi wa mifugo.

Mgeni akisikia mnada anategemea mtu amesimama juu ya kitu akipaza sauti na bei ikipanda. Upande wa ng'ombe hakuna kelele ya namna hiyo. Mwenye ng'ombe anasimama na fimbo yake. Mnunuzi anapita nyuma ya mnyama, anambonyeza juu ya nyonga na kwenye shina la mkia kupima mafuta, anamzunguka, anataja bei kwa sauti ya chini. Mwenye ng'ombe anatazama pembeni. Katikati yao anajipenyeza mtu wa tatu, hana ng'ombe wala hana fedha, anashika mkono wa huyu na mkono wa yule na kuivuta ikutane. Huyo ndiye dalali. Mikono ikikutana na kutikiswa, biashara imekwisha. Yanabaki ushuru na kibali cha kusafirishia.

Kelele zote ziko upande wa pili, kwenye mitumba na vyombo. Kule vijana wananadi hasa: spika, wimbo, bei inayoshuka kila baada ya pumzi. Hawajiiti wanadi wala madalali. Wanasema "napiga mnada".

Kijana mmoja anayenunua ng'ombe kwa wafugaji wa Bahi na kuwapeleka mjini alisema yeye ni mchuuzi, na alilisema kwa fahari. Mfugaji aliyesimama hatua chache kutoka hapo alipoulizwa watu kama yule wanaitwaje, alijibu: walanguzi. Hakukuwa na ugomvi kati yao, na muda mfupi baadaye waliuziana. Kwa mchuuzi, tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia ni malipo ya nauli, ya usiku aliolala njiani, na ya mnyama anayeweza kumfia kabla hajafika. Kwa mfugaji, tofauti hiyo ni fedha iliyotoka mfukoni mwake. Mchuuzi na mlanguzi hawatenganishwi na kazi. Wanatenganishwa na aliyeketi upande wa pili wa bei.

Gharama: nauli na nyama, 21,000. Nyama ile iliingizwa kwenye hesabu kwa kura za watu wawili dhidi ya mmoja.

Machi 16. Wazee, na neno mlanguzi

Neno mlanguzi lilistahili siku yake, hasa mwaka huu, sukari ilipoadimika nchini na kila kibanda kikawa na maoni juu ya walanguzi.

Tulikaa na wazee wa Chamwino Ikulu na mjini. Mmoja alikuwa karani katika kampuni ya biashara ya mkoa, zile zilizogawa bidhaa za jumla enzi za uchumi wa umma. Kwake mlanguzi si mtu wa bei kubwa tu, ni mtu wa kosa la jinai. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yapishe maduka ya ushirika. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Maneno haya mawili yalitembea pamoja redioni kila siku. Wazee wa hapa hukipima kipindi kile kwa ajali ya Aprili 12, 1984, kwa sababu Sokoine alikuwa akitoka bungeni Dodoma kurudi Dar es Salaam alipofariki. Mtu aliyekuwa na mifuko ya sabuni chini ya kitanda wakati ule hakuitwa mfanyabiashara.

Kisha Mzee Mwinyi akalegeza milango ya biashara, mitumba ikaingia kwa wingi, na kununua ili uuze kwa faida kukaacha kuwa kosa. Neno lilibaki, hukumu yake ikapungua makali. Leo wanafunzi wetu wanasema "ametulangua" kuhusu muuza chipsi aliyepandisha bei, na mlanguzi wa tiketi ni yule anayenunua nyingi ili aziuze tena mlangoni kabla ya mechi. Habari za Kenya nazo zinawaletea maana nyingine, kwa sababu kule walanguzi mara nyingi ni wa dawa za kulevya.

Tuligombana hapa, nami naandika ugomvi wenyewe kwa kuwa atakayeiga kazi hii ataukuta. Mwalimu mwenzangu alitaka fasili moja inayofunika yote. Katibu wa kikundi alikataa: mkulima wa miaka sabini akisoma fasili laini isiyomtaja Sokoine atasema kijitabu hiki kimeandikwa na watoto. Tumekubaliana mlanguzi apate fasili tatu, kila moja na kipindi chake na msemaji wake.

Tajiri alitushangaza kwa njia hiyo hiyo. Katika Kiarabu lilikotoka, neno hilo ni mfanyabiashara tu. Katika misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo kwenda Tabora, tajiri alikuwa mwenye mali ya msafara. Mwanafunzi wa leo anajua ni mtu mwenye fedha nyingi. Lakini panda bajaji yoyote hapa mjini usikilize dereva anavyoiita fedha anayopaswa kupeleka jioni: hesabu ya tajiri. Mwenye bajaji huyo huenda ana bajaji moja tu na mkopo juu yake. Maana ya zamani, mwenye mtaji ambaye wengine wanamfanyia kazi, iko hai barabarani ilhali madarasani imesahaulika.

Bazazi limekwenda njia mbaya zaidi. Lilikuwa jina la muuza nguo; sasa ni tusi la mtu laghai, na hakuna muuza nguo Dodoma atakayelipokea. Mpagazi tulimjadili sana, maana Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo ya matajiri walibeba pia bidhaa zao wenyewe za kuuza njiani. Tumemwingiza. Mshitiri, yaani mnunuzi, hatujamsikia kwa mtu yeyote sokoni. Tumemweka kwenye kurasa za mwisho za maneno ya vitabuni kwa ajili ya wanafunzi wanaosoma ushairi.

Gharama: sukari kilo mbili na majani ya chai kwa wazee. Bei ya sukari wakati huu naiacha, wote tunaijua.

Aprili 20. Toleo la majaribio, na kwa nini tulilirudisha

Tulichapa nakala chache kwa steshenari, maneno yamepangwa kwa alfabeti, tukazipeleka kidato cha pili. Zoezi lilikuwa rahisi: someni habari ya mzigo wa alizeti uliotoka kijijini hadi mashine ya kukamulia, kisha mpeni kila mtu jina lake.

Wanafunzi walifungua, wakatafuta herufi, wakapotea. Alfabeti inamsaidia mtu ambaye neno analo na maana hana. Wao walikuwa na mtu mbele yao na neno hawana. Wengi walirudi kwenye mfanyabiashara, pale pale walipoanzia.

Tumepanga upya kwa kufuata mzigo. Ukurasa wa kwanza ni shambani, unafuata kijijini, soko la mazao, ghala na mashine, duka la jumla, duka la mtaani, mwisho mkononi mwa mtembezaji. Katika kila kituo, wanaosimama hapo wameandikwa kwa majina yao yote, na kila jina lina msemaji wake. Alfabeti imebaki nyuma kama faharasa. Darasa lile lile lilipopewa mpangilio mpya, mabishano yalihama: hawakubishana tena neno liko ukurasa gani, walibishana kama mtu anayepita na pikipiki kununua mahindi kwa debe aitwe mkusanyaji, kama anavyojiita, au mlanguzi, kama bibi zao wanavyomwita. Ndicho tulichotaka.

Kosa jingine lilikuwa la uchapaji: herufi ndogo. Wazee wa kikundi walisoma kwa kunyoosha mkono. Tumeongeza ukubwa, na kurasa zimeongezeka kwa theluthi.

Gharama: uchapaji wa majaribio 38,000.

Juni 15. Kibaigwa: dalali na mnunuzi

Hii ndiyo safari tuliyoisubiria mavuno. Soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, liko kando ya barabara ya Morogoro, na msimu ukifika malori yanapanga foleni.

Hapa majina si mapambo. Mnunuzi ni mwenye fedha, mara nyingi hayupo. Yuko Dar es Salaam au Arusha na simu yake. Dalali ndiye aliyepo. Anapokea mzigo, anaita wapimaji, anatafuta bei, anachukua kamisheni kwa kila gunia. Mkulima anamwona yeye, anamwamini yeye, na akitoka hapo husema "nimemuuzia fulani" akimtaja dalali.

Katibu wetu alikuja na karatasi ya mwanakikundi mmoja wa msimu uliopita. Imeandikwa kwa mkono: idadi ya magunia, bei, na chini yake saini juu ya neno "mnunuzi". Aliyesaini alikuwa dalali. Fedha zilipochelewa, dalali alisema yeye si mnunuzi, aulizwe mwenye mzigo. Jina la mwenye mzigo halikuwa popote kwenye karatasi. Mkulima alizungushwa mpaka msimu wa kulima ukaingia. Mwishowe alilipwa, kwa mafungu.

Tuliwauliza madalali wenyewe, na nawapongeza waliozungumza wazi. Wazoefu walisema dalali safi huandika mambo mawili: yeye ni dalali, na ananunua kwa niaba ya fulani. Akiandika hivyo, deni ni la fulani. Akisaini kama mnunuzi, amejitwika deni. Mwanasheria tuliyemwonyesha ukurasa huu alithibitisha: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala, na wakala asiyemtaja anayemfanyia kazi anaweza kudaiwa yeye binafsi. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa na nguvu kuliko mkulima alivyodhani. Hakuna aliyemwambia.

Ukurasa wa dalali umekuwa mrefu kuliko yote katika kijitabu, na ndani yake tumechora mfano wa stakabadhi yenye mistari mitatu tofauti: muuzaji, dalali, na mnunuzi ambaye dalali anamnunulia. Tumeongeza pia neno la jirani, mnunuzi wa mnada wa stakabadhi ghalani, mfumo uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005: huko mkulima anapitisha mzigo kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kwenye ghala, na wanunuzi wanashindana kwa bei bila kumfuata nyumbani.

Mwalimu mwenzangu aliyewahi kufundisha Masasi alileta kangomba, ununuzi wa korosho wa pembeni nje ya mfumo rasmi, na rafiki wa Bukoba akaleta butura, kununua kahawa ikiwa bado mtini. Si maneno ya hapa. Yamepata kisanduku kidogo kwa sababu mkulima wa Kongwa anayeuza mahindi mabichi shambani kwa mwenye fedha ya haraka ataitambua butura mara moja.

Gharama: nauli ya watatu kwenda na kurudi 30,000; chakula 15,000; mwanasheria hakutaka kitu.

Agosti 17. Machinga, winga, na uchapaji

Treni ya SGR imeanza kufika Dodoma, na kwenye soko la machinga la barabara ya Bahi hiyo ndiyo habari ya kila meza: mtu anashuka Dar es Salaam, anafika Kariakoo, anarudi. Wamerudi na neno winga, kijana anayekukamata mlangoni na kukupeleka duka ambalo si lake, kisha analipwa na mwenye duka. Dodoma winga bado ni mtu wa hadithi za Kariakoo kuliko wa hapa. Ameingia na alama ya "Dar es Salaam".

Neno machinga lenyewe lina maelezo mawili ya asili yake, na tumeyaandika yote. Wengi hulihusisha na vijana waliotoka pande za Lindi na kusini kuja kuuza mijini. Wengine husema limetokana na maneno ya Kiingereza yanayotaja vijana watembeao kama wako kwenye gwaride. Historia yake haina utata kama asili yake. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvukazi, muuzaji wa barabarani angeweza kukamatwa kama mzururaji na kupelekwa shambani. Leo shirikisho lao la taifa limebeba neno hilo kwenye jina, na soko hapa mjini linaitwa kwa jina lao. Vijana tuliokaa nao hulifupisha: chinga. Walituomba tusiandike popote kwamba machinga ni mtu "asiye na kazi maalumu", maana wamewahi kuisoma fasili hiyo mahali. Haimo.

Nakala zimechapwa: 100, kwa shilingi 260,000, pamoja na mabango matatu yenye laminesheni kwa 24,000. Nusu zimekwenda shuleni, nusu kwa kikundi. Bango moja liko kwenye ghala la kikundi, juu ya mzani, na katibu ameanza kuwataka madalali wasaini kwenye mstari wao.

Yanayosubiri toleo lijalo: wauzaji wa mtandaoni, ambao kila mmoja anajiita kwa namna yake, wanunuzi wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, tutakaowafuata msimu wao, na mangi. Wauza duka wawili wasio Wachaga walituambia hawajali kuitwa mangi, mmoja Mchaga akasema mangi ni chifu, si muuza sukari. Ukurasa wake tumeuacha wazi hadi tuongee na wengine.